Mwanachama Nambari Mbili

Kwa umma wote, kwa wanachama waliomo, waliofukuzwa, na wale waliofukuzwa kimakosa kisha wakafukuzwa upya kwa usahihi: Idara ya Uenezi, Itikadi na Viti vya Plastiki ya Chama cha Mshikamano wa Dhati ina furaha isiyo kifani kutangaza kwamba wasifu rasmi wa Mwenyekiti wetu Mwasisi umekamilika. Idara hiyo ni mimi. Viti ni mia sita.

Kazi hii nilipewa na Mwenyekiti mwenyewe. Aliniambia, "Katibu, andika ukweli wote, ila usinionyeshe vibaya." Nimejitahidi kutii nusu zote mbili za agizo hilo. Pale zilipogombana, nimeziacha zipigane mbele ya msomaji.

Kabla hajawa Mheshimiwa, Mheshimiwa alikuwa fundi wa vipaza sauti. Alikuwa na spika nne kubwa kama makabati, jenereta moja lenye kikohozi, na rundo la nyaya ambazo yeye peke yake alijua ipi inakwenda wapi. Alikodiwa harusini, misibani na kwenye kampeni, na maneno yake yalikuwa yaleyale kote kutatu: "Moja, mbili. Moja, mbili. Mnanisikia huko nyuma?" Watu wakamwita Moja-Mbili.

Sasa, mwaka mmoja wa uchaguzi, mgombea wa chama kikubwa alichelewa mkutanoni saa tatu nzima. Uwanja umefurika, jua linachoma visogo, na jukwaani hakuna mtu ila fundi. Moja-Mbili akawa hana la kufanya isipokuwa kujaribu mitambo.

"Mnanisikia huko nyuma?"

"Tunakusikia!"

"Na nyie wa kushoto?"

"Tunakusikia!"

"Kama kuna asiyesikia anyooshe mkono, nitakuja mimi mwenyewe kurekebisha."

Bibi mmoja aliyekaa mbele akaanza kulia. Katika umri wake wote hakuna aliyepanda jukwaani akamuuliza kama anasikia, seuze kuahidi kuja mwenyewe. Mgombea alipofika hatimaye, akahutubia dakika tisini kuhusu maendeleo, na kila alipomeza mate umati ulipiga kelele: "Mrudisheni fundi!"

Uchaguzi uliofuata fundi akagombea mwenyewe kiti cha Bunge la Jimbo, kwa tiketi ya chama kilekile. Ilani yake ilikuwa lile swali moja. Alipata kura nyingi kiasi kwamba hata wale ambao kazi yao ni kuzipunguza walichoka mikono, wakaenda nyumbani.

Hotuba yake ya kwanza bungeni ingali inazungumzwa. Alipewa dakika saba. Akaigonga maikrofoni kwa kidole, akaipuliza, akahesabu moja, mbili, akawauliza wa nyuma kama wanamsikia, akainama chini ya meza kufuata waya, akatoka na vumbi kwenye nywele, akaomba besi ipandishwe kidogo. Spika wa Bunge, yule wa joho, si wa kuchomekwa kwenye umeme, akagonga nyundo: muda umekwisha. Kesho yake gazeti moja liliandika kwamba hiyo ndiyo hotuba ya kwanza katika historia ya bunge lile isiyo na uongo hata mmoja. Wiki ileile Mheshimiwa akateuliwa kuongoza Kamati ya Kudumu ya Vipaza Sauti, Viyoyozi na Maadili.

Tatizo lilikuwa nguzo. Ukumbi wa bunge unashikiliwa na nguzo nne nene, na kiti alichopangiwa na chama chake cha zamani kilikuwa nyuma ya mojawapo. Kamera ya bunge ilimwonyesha mkono tu. Kwa miaka minne wapigakura wake walimfahamu kwa mkono. Wakimwona sokoni mzimamzima walishtuka. Alilalamika kwa wakubwa wa chama, wakamjibu kwamba nguzo ile ina umuhimu wa kihistoria kuliko yeye. Basi siku moja, katikati ya mjadala wa mabomba, ule mkono ukasimama na kutangaza kwamba unajitoa chamani.

Hapo ndipo mimi naingia katika historia. Nilikuwa mpiga chapa katika duka la fotokopi lililotazamana na geti la bunge. Alikuja, akaniambia nimwandikie barua ya kujitoa. Nikaweka SABABU ZA KIITIKADI kwa herufi kubwa, nikazipigia mstari. Alizitazama zile herufi kama mtu anayetazama mtoto wake mchanga, akaniajiri palepale.

Kuanzisha chama si mchezo. Msajili alitaka waasisi wawili, nambari moja na nambari mbili. Wafuasi tulikuwa nao tele, lakini kila mmoja alikuwa tayari kuwa nambari moja tu. Mheshimiwa alizunguka mji siku nne akitafuta mtu wa kuwa wa pili. Siku ya tano akarudi nyumbani amechoka, akamkuta mama mkwe wake sebuleni, anafuma vitambaa vya makochi.

Mama huyu, ambaye ofisini tulikuja kumwita Bi Mkubwa, alikuwa amekuja kuwasalimia wajukuu kwa wiki moja. Wiki hiyo ilikuwa katika mwaka wake wa nne. Alikuwa karani mstaafu wa masjala ya mahakama, miaka thelathini na mmoja katikati ya majalada, na kazi ile ilimwachia ugonjwa mmoja tu: hakuweza kutia sahihi kitu ambacho hajakisoma. Hata pakiti ya maziwa alikuwa anaisoma mpaka chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hiyo karatasi ya nini?"

"Ya umoja, mama. Sahihi yako tu, hapa chini."

"Umoja wa nani na nani?"

"Wa mimi na wewe, kwa kuanzia."

Akavaa miwani. Akasoma kurasa thelathini na nne za katiba ya chama, moja baada ya nyingine, kwa saa mbili, huku Mheshimiwa amesimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa, maana mkwe hamharakishi mkwe. Akasahihisha koma kumi na moja, akatia sahihi, akarudi kwenye uzi wake. Ndivyo alivyokuwa mwanachama nambari mbili wa Chama cha Mshikamano wa Dhati.

Uchaguzi uliofuata tulipata viti kumi na vinne. Si vingi, lakini vyama viwili vikubwa vilitoshana nguvu, na bila sisi hakuna aliyeweza kuunda serikali ya jimbo hata ya wiki moja. Wakubwa wakaanza kuja kwa Mheshimiwa mmoja mmoja. Walikaa sebuleni juu ya vitambaa vya Bi Mkubwa, magoti yamebanana, wakimwita "ndugu yetu". Wakamuuliza anataka nini. Wizara? Barabara? Hospitali kwa wapigakura wake?

Akasema anataka ile nguzo iondolewe.

Wahandisi walikuja na kamba na madaftari, wakasema nguzo ikitoka paa linashuka. Yakafanyika mazungumzo ya kina. Mwafaka uliofikiwa ulisifiwa kama ushindi wa demokrasia: nguzo ilibaki, bunge likageuzwa. Viti vyote, meza, rungu la heshima na zulia vilizungushwa vikatazama upande wa pili, Mheshimiwa akawa mbele kabisa, na meza ya Spika ikaangukia nyuma ya nguzo. Tangu siku hiyo Spika ndiye aliyekuwa mkono.

Miezi ile ilikuwa ya neema. Mheshimiwa akaleta muswada wake mkubwa, Sheria ya Uaminifu, kwamba mbunge yeyote atakayefukuzwa na chama chake atapoteza kiti chake siku hiyohiyo kabla ya saa za kazi kwisha. Viongozi wa vyama vyote waliupenda mno. Ulipita haraka kuliko mtu anavyoagiza soda. Wabunge wa kawaida waliupigia makofi makubwa, kwa sababu viongozi wao walikuwa wamegeuka kuangalia nani hapigi.

Sheria ikishakuwepo inataka kutumika. Ndipo ikaundwa Kamati ya Uaminifu. Ilikuwa na watu watatu: Mheshimiwa, mwenyekiti; mimi, katibu; na Bi Mkubwa, mjumbe, kwa kuwa katiba ilidai mwasisi mwenzake awemo. Tulikutana kila Jumanne saa nne asubuhi katika ofisi ya chama, ghorofa ya pili, juu ya daktari wa meno. Mlio wa kekee ulipanda kupitia sakafuni na kuipa kila hoja uzito wake. Bi Mkubwa alikuja na kikapu cha uzi. Alifuma kwa uzi mrefu, na kila baada ya mishono kadhaa aliinua mkono wa kulia juu kabisa kuuvuta. Mheshimiwa alikuwa hodari wa kuita kura wakati huohuo.

"Wanaounga mkono?" Mkono juu. "Imepita."

Wa kwanza alikuwa makamu mwenyekiti. Alipiga chafya Mheshimiwa alipotamka neno "umoja". Akajitetea kwamba ni vumbi. Kamati iliona kuwa vumbi lina itikadi yake. Akafuata mbunge aliyekuwa mfamasia, kwa kuchelewa kupiga makofi. Kisha mbunge aliyewahi kuwa refa, kwa kutazama saa. Kisha fundi magari aliyeulizwa kama chama kitashinda milele, akajibu, "Labda." Kila mmoja alipoondoka kiti chake kilikwenda, uchaguzi mdogo ukaitishwa, na chama kingine kikakichukua. Kumi na vinne vikawa tisa. Tisa vikawa vinne. Vinne vikawa Mheshimiwa.

Niliandika katika taarifa kwa vyombo vya habari kwamba chama kinakonda ili kiwe na afya. Takwimu zilikuwa upande wetu: utafiti wa idara yangu ulionyesha umoja ndani ya chama umepanda kutoka asilimia sitini na moja hadi tisini na nane. Wale wakubwa waliokuwa wanabanana sebuleni wakaacha kuja, jambo tulilolitafsiri kama hofu.

Baada ya wabunge tukaingia matawini. Tawi zima la mashariki lilifukuzwa kwa kutojibu waraka. Waraka wenyewe haukutumwa, kwa sababu tulikuwa tumemfukuza mtu wa kuutuma. Tawi la magharibi liliomba ufafanuzi, nalo likafafanuliwa likiwa nje. Kutoka wanachama elfu kumi na moja tulishuka, kwa mpangilio, mpaka tukaweza kukaa kwenye basi dogo bila kubanana.

Sasa nifike kwa mke wa Mheshimiwa. Yeye ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, mwanamke mpole mwenye sauti ya kuamrisha watoto sitini bila kuinuka kitini. Alikuwa mwanachama nambari saba na mwenyekiti wa wanawake wa chama. Alimpenda mumewe tangu enzi za jenereta. Katika mikutano yetu alikaa mbele kila mara, mkoba mapajani, akimwitikia kwa kichwa.

Kufikia mkutano mkuu wa mwaka tulikuwa tumebaki wanachama wanne, lakini tulipanga viti vyote mia sita. Walihudhuria watu tisa, na watano kati yao walikuwa wanamsubiri daktari wa meno. Mheshimiwa akasimama, akatazama ukumbi, akafungua mikono yake.

"Wanachama wenzangu! Ninawaona maelfu kwa maelfu! Chama chetu ni bahari!"

Mke wake akageuka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuweza kujizuia, akahesabu. Kisha akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Kilikuwa kile kicheko cha mtu anayempenda mwenziwe na amemkamata anatia chumvi, na kilizunguka juu ya viti vitupu mia tano tisini na moja kikamrudia. Mgonjwa mmoja wa meno naye akacheka, ameshika shavu.

Jumanne iliyofuata saa nne, Mheshimiwa alisoma shtaka bila kutaja jina. "Mwanachama nambari saba. Kutabasamu kwa sauti, kwa nia ya upinzani. Wanaounga mkono?" Bi Mkubwa alikuwa anahesabu mishono ya pembeni, ile migumu. Mkono ukapanda na uzi. Imepita. Kisha Mheshimiwa akamsogezea karatasi iliyokunjwa sehemu ya juu. "Mahudhurio, mama," akasema. Bi Mkubwa akaona chini ya mkunjo majina yetu matatu, akatia sahihi mbele ya lake.

Mimi niliona. Ofisini kuona ni jambo moja na kushuhudia ni jingine.

Kanuni zinataka barua ya kufukuzwa ikabidhiwe mkononi, kwa hiyo jioni ile, jua bado lipo, nikaipeleka mwenyewe. Mwalimu alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Mama yake alikuwa kwenye kochi. Mwalimu akaifungua, akaisoma, akaisoma tena, kisha akaipeleka kwenye kochi.

"Mama, hii sahihi ni yako?"

Bi Mkubwa akavaa miwani. "Ni yangu."

"Umenifukuza?"

"Nani kakufukuza? Leo alifukuzwa mwanachama nambari saba."

"Mama. Nambari saba ni mimi."

Bi Mkubwa aliigeuza ile karatasi. Akapitisha kidole juu ya mstari wa mkunjo, taratibu, kama anayetafuta mahali palipochanika.

"Aliikunja," akasema. "Alinipa imekunjwa. Miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Mahakimu walikuja, mawakili walikuja, wengine na zawadi. Hakuna aliyewahi kunifanya nitie sahihi kitu nisichokisoma." Akavua miwani, akaiweka juu ya uzi. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwa kufuata itifaki, nikaangalia dari.

Mlango ukafunguliwa, Mheshimiwa akaingia anapiga mluzi.

"Shikamoo, mama!"

Bi Mkubwa hakuitika. Salamu ilisimama mlangoni haina pa kukaa. Katika nyumba ile lilikuwa halijawahi kutokea, na Mheshimiwa, mtu aliyegeuza bunge zima, alibaki ameshika kitasa.

"Mama, ni kwenye chama tu," akasema. "Nyumbani hakuna kilichobadilika."

"Nyumbani bado nina uanachama?" aliuliza mke wake.

"Bila shaka, mke wangu!"

"Nashukuru. Basi mwenyekiti wa nyumba atakula alichopika mwenyekiti wa chama."

Akarudi kwenye madaftari. Bi Mkubwa ndiye aliyesema mwishoni, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kikao kijacho ni Jumanne?"

"Jumanne, mama."

"Saa nne?"

"Saa nne, mama."

"Nitakuwepo."

Hapa lazima nieleze msimamo wangu, maana wapo wanaosema nilifuata upepo. Jumatatu Mheshimiwa aliniita. "Katibu, niandikie barua ya kufukuza. Nambari acha wazi." Nikaiandika, nikaweka herufi kubwa, nikapiga mstari. Nilipokuwa naikunja, nikapiga hesabu. Chamani tulikuwa tumebaki watatu. Mtu hajifukuzi mwenyewe. Mkwe hafukuzwi, na hasa mkwe ambaye haitikii salamu. Mimi si mwalimu, lakini nilitoa mbili kwenye tatu nikajiona nimesimama pale peke yangu, na unga wangu umekwisha kumwagika.

Jumanne Bi Mkubwa alifika saa nne kasoro kumi. Hakuwa na kikapu. Alikuwa na nakala ya katiba ya chama chini ya kwapa, ile yenye koma zake. Chini, kekee ikaanza kuimba. Mheshimiwa akafungua kikao, akatoa barua yangu yenye pengo, akachukua kalamu na kunitazama kwa upole wa daktari.

"Mwenyekiti," akasema Bi Mkubwa. "Naomba tuanze na Mengineyo."

"Mengineyo huja mwisho, mama."

"Kifungu cha nane: mwasisi anaweza kuomba mpangilio ubadilishwe. Mimi ni mwasisi. Naomba."

Mheshimiwa alitabasamu. Kwenye Mengineyo, katika historia yote ya chama, kulikuwa hakujawahi kuzungumzwa kitu zaidi ya majani ya chai. "Haya, mama. Mengineyo."

"Kifungu cha kumi na tisa. Katibu, soma."

Nikasoma. Kilikuwa kimeandikwa na Mheshimiwa kwa mkono wake, kuwatisha wale wanaohama na wafuasi wao. "Mwanachama yeyote atakayesababisha chama kupoteza wanachama, kwa makusudi au kwa uzembe, atafukuzwa mara moja."

"Tulikuwa wangapi?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Elfu kumi na moja na ushei, Bi Mkubwa."

"Sasa tuko wangapi?"

Nikatuangalia. Nilihesabu mara mbili, kwa uhakika wa kitaalamu. "Watatu."

"Nani amewapoteza hao wengine?"

"Kamati, mama!" Mheshimiwa akasimama. "Kamati yote! Na wewe umo!"

"Mimi niliinua mkono kuvuta uzi. Wewe uliinua shtaka. Kifungu cha ishirini: mwenyekiti akiwa ndiye mshtakiwa, mwasisi mwenzake anashika kiti. Nipishe, baba."

Na akampisha! Nadhani ilikuwa mazoea tu, mkwe amesimama, mkwe amepewa kiti. Akajikuta ameketi upande wetu wa wajumbe, ameshika barua yenye pengo, na Bi Mkubwa mbele yake.

"Una la kujitetea?"

"Mama, mimi ni mkweo."

"Mkwe wangu yuko nyumbani, namheshimu, na namwombea. Hapa yupo mwanachama nambari moja. Ana la kujitetea?"

"Nilikuwa nataka... nilikuwa nataka chama cha watu wanaokubaliana."

"Umekipata," akasema Bi Mkubwa. "Wanaounga mkono afukuzwe?"

Akainua mkono wake, mtupu, bila uzi wowote. Mheshimiwa akanitazama. Aliniita kwa jina la udogoni, jina ambalo sijui alilijuaje. Ndipo, kwa msukumo wa kanuni na si kitu kingine, mkono wangu ukapanda. Kekee ikanyamaza. Chini tukamsikia mtu anatema maji.

"Imepita. Katibu, ile barua ina pengo. Jaza moja."

"Nitakata rufaa!"

"Rufaa hupelekwa kwa mwenyekiti wa chama."

"Mwenyekiti ni mimi!"

"Umekuwa ukisema hivyo."

Mheshimiwa hakungoja lifti. Alikimbia mpaka bungeni akiwa na matumaini kwamba habari ingemkuta ameshakaa kitini, na kwamba mtu aliyekaa hawezi kuondolewa. Lakini barua hukabidhiwa mkononi, na mimi nilipanda bodaboda. Spika aliipokea nyuma ya nguzo yake. Aliisoma polepole. Mashahidi wanasema mkono wake uliipapasa barua kwa upendo.

"Mheshimiwa," ikasema sauti yake, "Sheria ya Uaminifu ni sheria nzuri sana. Uliitetea kwa ufasaha siku ile. Sikukuona vizuri, lakini nilikusikia." Akaangalia saa. "Saa za kazi zinakwisha saa kumi. Chukua muda wako."

Saa kumi kasoro robo mpambe wa bunge akamwomba kitambulisho. Saa kumi kamili alipotoka getini, askari aliyempigia saluti kwa miaka minane akamsimamisha. "Samahani, mzee, wageni wanatokea mlango wa pembeni." Kabla ya wiki kwisha wabunge walipigia kura hoja ya dharura, viti vikageuzwa tena, na jimbo lote likauona uso wa Spika wake kwenye televisheni. Alikuwa amefuga masharubu na hakuna aliyejua.

Bi Mkubwa alikaa kwenye kiti cha chama kwa siku nne tu, mpaka walipokuwepo wanachama wa kumchagua mwingine. Siku ya kwanza aliandika barua moja fupi, bila herufi kubwa: waliofukuzwa wote wanakaribishwa kurudi Jumamosi, fomu zipo. Siku ya pili akaniita kuhusu cheo changu. Alisema Uenezi hauhitajiki kwa kuwa watu wanasikiana, na Itikadi ataiangalia mwenyewe akipata nafasi. Cheo changu kikarahisishwa kuwa Katibu wa Viti. Naliona kama jambo la kuaminiwa, na jina la zamani la idara nimelibakiza kwenye karatasi mpaka ziishe.

Jumamosi ilifika na jua lake. Foleni ilianzia mlangoni kwetu, ikampita daktari wa meno, ikashika barabara, ikakunja kona ya kituo cha mafuta. Alikuwepo yule wa chafya, yule wa saa, na fundi magari aliyesema labda. Tawi la mashariki lilikuja zima, likiuliza ule waraka ulikuwa unasema nini. Mwalimu alikaa mezani na mama yake, akigawa fomu na kuandika nambari mpya kwa mwandiko wa ubaoni. Watu walikuwa wanamwambia agombee kile kiti kilichobaki wazi, naye alikuwa anawaambia wasogeze foleni kwanza.

Saa tano hivi mume wake akatokea. Amevaa shati la kawaida, mikono imekunjwa, kofia kichwani. Akaja moja kwa moja mezani.

"Shikamoo, mama."

Bi Mkubwa alimaliza kusoma fomu iliyokuwa mbele yake, mpaka chini. "Marahaba, baba," akasema.

Nilimwona mtu mzima akivuta pumzi kama aliyetolewa majini. Mke wake hakuinua kichwa, ila kalamu yake ilisimama.

"Nimekuja kuchukua fomu."

"Karibu sana. Mwisho wa foleni uko kwenye kituo cha mafuta."

"Mama, mimi ndiye niliyekianzisha chama hiki."

"Najua. Ndiyo maana nimekuonyesha uliko."

Mwalimu akasema, bado anaandika, "Chakula saa nane. Usichelewe. Na nunua mkate ukirudi."

Akaondoka. Nami nikamfuata kwa mbali na viti viwili mkononi, kwa kuwa wazee wa mkiani walikuwa wameomba pa kukalia. Alitembea foleni nzima kwa urefu wake. Alikuwa ameishusha kofia mpaka kwenye nyusi, na hakuna aliyemtambua. Picha yetu ya mabango ilipigwa miaka kumi na miwili nyuma, nami nilikuwa nimeiongezea nywele. Mwishoni alisimama mama mmoja wa makamo, mwuza vifungo na zipu, na mwavuli mkubwa mweusi. Mheshimiwa akajipanga nyuma yake. Kofia ile haikuwa inasaidia kitu, jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Yule mama akageuka.

"Na wewe alikufukuza yule mwendawazimu?"

Mheshimiwa alitazama kushoto. Alitazama kulia. Aliniona mimi na viti vyangu, na mimi, kwa uzoefu wa miaka mingi, nilikuwa naangalia ndege.

"Ndiyo, dada," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho."

"Maskini! Wa mwisho kabisa?" Yule mama akausogeza mwavuli ukawafunika wote wawili. "Pole, kaka yangu. Njoo kivulini, unieleze alikufanyia nini."